Uvimbe Ulioshindishwa Njaa

Mtoto anayekaa tumboni miaka mitatu, huyo si mtoto. Mama Fredy alilijua hilo, ila watu wa Nzuguni hawakutaka kulijua. Kila akipita kwenda kuchota maji, tumbo mbele yeye nyuma, walimpisha njia na kumwuliza wataitwa lini kula uji wa mzazi. Akina mama wa kanisani walikwisha kufuma kofia mbili za sufu, moja ya kijani na moja ya njano, na zile kofia zikaliwa na nondo zikisubiri kichwa.

"Hivi huyu wako anangoja nini huko ndani?" jirani yake Restuta alimwuliza siku moja mbele ya watu, pale bombani. "Anangoja Serikali ihamie Dodoma ndiyo atoke? Basi atazeeka humo humo."

Restuta alikuwa Mhehe na Mama Fredy Mgogo. Makabila hayo mawili yalipigana sana zamani mpaka yakachoka, yakaona heri yatukanane. Ndiyo utani. Mtani hana adabu wala haombwi awe nayo. Anakuja msibani kwako anaigiza unavyolia, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Kwa miaka yote waliyokaa ua kwa ua, Restuta hakuwahi kumwita mwenzake kwa jina lake. Alikuwa "Mgogo", au "mtani", au siku akiwa na furaha zaidi, "ombaomba wangu". Naye Mama Fredy alimwita "mla mbwa", kama Wahehe wote wanavyotaniwa.

Lakini tumboni hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na fibroidi, vinyama vilivyoota kwenye kizazi kama viazi vitamu kwenye tuta, kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Daktari Ambokile wa hospitali ya mkoani alimpapasa, akamtazama macho na viganja, akamweleza bila kuzungukazunguka.

"Mama, huu ni uvimbe. Wengi wanao, na mara nyingi si saratani. Ila unakumaliza damu kila mwezi. Nenda ukale maini, maharage, mchicha, umeze na hivi vidonge vya kuongeza damu. Damu ikipanda, uje nikufanyie upasuaji. Ukiwahi, nitajitahidi nitoe uvimbe nikuachie kizazi. Ukichelewa, sitakuwa na la kuchagua. Nitatoa vyote ili upone wewe."

Mama Fredy aliitikia ndiyo, ndiyo, daktari, asante. Alipofika nje ya geti, katika maneno yote yale alikuwa amebaki na mawili tu: kisu, na kizazi. Umri wake thelathini na minane. Fredy, mtoto wake pekee, alikuwa anasoma bweni Kondoa. Mumewe Marko alifanya kazi ya reli kule Gulwe, na kila akirudi nyumbani waliongea habari ya mtoto wa pili kama watu wanaoongea habari ya mvua: itanyesha tu. Sasa mtu aje na kisu chake, aingie gizani mle, atofautishe kiazi na tuta? Moyo wake ulikataa.

Na moyo ukikataa, miguu hutafuta pa kwenda.

Zama zile zilikuwa za ruksa. Aliyetaka kuuza mitumba, ruksa. Aliyetaka kufungua duka, ruksa. Aliyetaka kufungua kanisa, ruksa zaidi. Na aliyepunguzwa kazi serikalini, ruksa kutibu matumbo ya watu, mradi tu asitumie kisu. Ndivyo alivyofanya Bwana Optatus. Alikuwa karani wa masjala, mtu wa kubeba mafaili, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Wizara ilipomwambia kwaheri, alikwenda semina ya tiba lishe, akarudi na cheti chenye muhuri na koti jeupe alilolipata kwenye mitumba. Kwenye mfuko wa koti palikuwa pametariziwa mchoro wa friji na jina la Mzungu fulani, fundi wa huko kwao. Watu wa Nzuguni walimwita Dokta. Naye hakuwakataza.

"Mama, hii ni sayansi," alimwambia Mama Fredy sebuleni kwake, kidole juu. "Uvimbe hauli peke yake. Unakula unachokula wewe. Ukila nyama, unakula nyama. Ukila ugali, unashiba ugali. Sasa ukifunga, unaunyima. Unakaa njaa, unadhoofu, unanyauka, unakufa."

Restuta, aliyemsindikiza kwa sababu hakutaka kukosa habari, akauliza, "Na kama wa kwanza kufa ni huyu?"

"Mwili una akiba, mama."

"Mwili wa Mgogo una akiba? Dokta, hawa wanafunga tangu enzi za mababu, mvua ikigoma. Njaa ingekuwa inaponya, Ugogo mzima usingekuwa na hospitali."

"Mtani, nyamaza," alisema Mama Fredy, huku anajikaza asicheke. Alikuwa amekuja kuamini, na hakutaka kuharibiwa.

Masharti yakatolewa. Asile ugali, asile nyama, mafuta mwiko, chumvi mwiko, na vile vidonge vya hospitali aviweke mbali maana vinaulisha uvimbe. Chakula chake kiwe maji ya zabibu tu, asubuhi na jioni, zabibu nyeusi zilizokamuliwa kwa mkono. Na kitu kimoja Bwana Optatus alikisisitiza mara nyingi: yale maji yasikae kwenye plastiki wala kwenye sufuria, maana vitu vya kiwandani huua nguvu. Chombo kiwe cha asili.

Zabibu hazikuwa taabu. Mama mkwe wake, Bibi Miriam, alikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba, na ilikuwa majira ya mavuno. Miaka ya nyuma gari la ushirika lilikuja kuzizoa. Mwaka ule halikuja, wala hakuna aliyesema kwa nini. Zabibu zikaiva, zikalegea, zikaliwa na nyuki na mbuzi. Bibi Miriam mwenyewe alikuwa amepanda treni kwenda Gulwe kumtazama mwanawe. Chombo cha asili nacho kilikuwepo: jikoni kwa mama mkwe, nyuma ya mtungi, kibuyu kikubwa kimening'inizwa kwa kamba, kimekoza moshi, mdomo umezibwa kwa gunzi. Mama Fredy alikinusa. Kilikuwa na kauchachu ka mbali. Akasema ni kibuyu cha maziwa hiki, cha mgando. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni, kila mke anayejiheshimu anajua. Akakisuuza kwa maji kidogo, akatia zabibu zake, akakiweka karibu na mafiga kisipate baridi ya usiku.

Siku za kwanza zilikuwa za mateso. Jirani akikaanga kitunguu, machozi yanamtoka mfungaji. Akiota, anaota ugali wa uwele na mlenda, unateleza wenyewe bila kutafunwa. Alikaa kitandani, analihesabia tumbo makosa yake.

Halafu dawa ikaanza kufanya kazi.

Asubuhi moja alichomoa gunzi, likatoka lenyewe, likaruka mpaka kwenye paa, pu. Ndani mkawa mnachemka bila moto, povu linapanda. Akamkimbilia Bwana Optatus. Bwana Optatus akaja na koti lake, akainama, akasikiliza kibuyu kama anavyosikilizwa mgonjwa wa kifua.

"Unaona? Ina uhai. Zile ni enzaimu." Akamimina kwenye kikombe, akaonja. Akaonja tena, ili asikosee. "Endelea hivi hivi, mama. Usibadilishe chochote. Nitakuwa napita kila jioni kuangalia maendeleo."

Na kweli alipita kila jioni, na kikombe chake mwenyewe.

Mama Fredy naye akaendelea vizuri ajabu. Maumivu ya kiuno, yale yaliyokuwa yanamkunja kama kisu cha kukunja, yakawa mbali, kama ya mtu mwingine aliyepata kumfahamu. Alilala fofofo. Alikuwa mama wa kwaya mwenye sauti ya kuombwa. Sasa aliimba bila kuombwa, nyimbo za Krismasi katikati ya Agosti, anafagia uwanja mpaka wa jirani. Mchungaji wao alikuja kumwombea, akakaribishwa nusu kikombe cha dawa. Akaomba. Akakaribishwa nusu nyingine, akawaombea na wagonjwa wa kata za jirani, na wakati wa kuondoka akasema kwamba hajawahi kuona nyumba yenye upako kama ile.

"Mtani, unang'aa," alisema Restuta, amemkazia macho. "Ila unang'aa vibaya. Kama taa inayotaka kuisha mafuta."

"Wivu tu."

"Na pumzi yako ina harufu ya harusi."

"Ni enzaimu."

Jambo moja Mama Fredy hakumwambia mtu. Vitambaa. Alivifua mwenyewe alfajiri, akavianika ndani nyuma ya mlango, na kila alfajiri vilikuwa vingi kuliko vya jana yake. Damu haikuwa imesikia habari za mfungo. Akisimama ghafla, ukuta ulimjia. Lakini maumivu si hayapo? Basi, alijiambia, hiyo itakuwa ni sumu inatoka. Mtu akitaka kuamini, hata moshi wa nyumba yake ataita ubani.

Bwana Optatus akapanga siku ya ushuhuda. Alitandaza turubai uani kwake, akaalika wanawake wote wenye matatizo ya matumbo, wakajaa mpaka kwenye ngazi. Mbele kabisa alikaa Swaumu, mke wa muuza mkaa, mwembamba, naye ana uvimbe kama wa Mama Fredy. Hospitali ilikuwa imempangia kulazwa Jumatatu. Alikuwa amekuja kusikia kama aende au asiende, na hakuficha.

"Dada," alimwambia Mama Fredy kabla hajasimama, "mimi nakusikiliza wewe. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Mama Fredy akasimama. Alikuwa amekunywa kikombe cha asubuhi, na kingine cha kuondoa haya. Bwana Optatus akawa anagawa vikombe vidogo watu waonje, huku anauliza.

"Waeleze, mama. Maumivu?"

"Yameisha."

"Usingizi?"

"Nalala kama gunia."

"Furaha?"

"Furaha ninayo, hata mbuzi wanajua."

Wanawake wakacheka na kupiga makofi. Restuta, aliyekaa kwenye ndoo nyuma ya wote, akasema, "Mwulizeni na jina lake kama analikumbuka."

Swaumu hakucheka. Akauliza taratibu, "Na damu?"

Hapo Mama Fredy akashika kiti. Jibu lilikuwa mdomoni, tamu, jepesi: imekauka. Neno moja tu, Bwana Optatus afurahi, na yeye mwenyewe apate kuliamini, maana uongo ukisemwa mbele ya watu wengi huanza kufanana na kweli. Lakini Swaumu alikuwa anamtazama kinywani kama mtu anayesubiri kupewa maji. Na kilichokuwa kwenye kibuyu kilikuwa kimemlegeza ulimi pale pabaya, pale penye ukweli.

"Damu iko," alisema. "Imezidi. Nafua alfajiri msione."

Ndipo Bibi Miriam alipoingia uani, ametoka stesheni hivi punde, kitenge begani na vumbi la treni usoni, kaambiwa njiani kwamba mkwewe anatoa ushuhuda. Akaamkiwa shikamoo huku na huku, akaitikia marahaba, akapewa kikombe kama wengine. Akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akakitazama kibuyu kilichowekwa mezani juu ya kitambaa cheupe kama kitu cha madhabahuni.

Mtu mzima alikuwa kwenye mtihani. Bibi Miriam alikuwa ameacha pombe mbele ya askofu, kwa kuwekewa mikono, mwaka Marko alipozaliwa. Kila mwanamke pale alijua. Angeweza kumeza lile funda akanyamaza. Akamtazama mkwewe aliyeshika kiti, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Hii si dawa," alisema. "Hii ni pombe. Naijua kwa sababu kibuyu ni changu. Siku zote huwa naacha machicha chini ili yachachue pombe ya mbele. Umekamulia zabibu kwenye hamira, mwanangu. Hujapata nafuu, umelewa."

"Bibi," Restuta akasema, "si uliacha?"

"Niliacha kunywa. Kupika hakuna aliyeniuliza."

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Mmoja wa kwaya alikitema alichokuwa nacho mdomoni. Mwingine akamalizia haraka kabla hajanyang'anywa. Bwana Optatus akasimama katikati, kikombe mkononi, anasema ni fermentesheni, kuchachuka tu, kisayansi ni tofauti, na Restuta akamwambia kwamba sayansi iliyomleta kila jioni kwa Mama Fredy hata mume wake yeye Restuta, aliyezikwa Iringa, alikuwa nayo, tena bila cheti.

Mama Fredy alitaka kucheka pia. Akafungua mdomo, na badala ya kicheko dunia ikageuka kijani, na kiti alichokishika kikamwacha. Alipofumbua macho alikuwa chini, kichwa kwenye mapaja ya Restuta. Restuta alikuwa anamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa mweupe kama karatasi.

Akangoja atukanwe. Hilo ndilo alilolingoja: ombaomba wangu, umelewa mchana, Wagogo nyie. Alikuwa tayari kwa hilo, lingemwinua.

"Lydia," alisema Restuta.

Tu. Jina lake. Miaka yote ile, na leo jina lake. Kisu hakikuwahi kumtisha Mama Fredy kama lile jina lilivyomtisha. Mtani akiacha kutania, basi amekwisha kuona jeneza.

"Nipelekeni hospitali," alisema.

Bwana Optatus ndiye aliyekimbia kuazima pikapu, koti likipepea. Swaumu alipanda nyuma pamoja nao, kamshika miguu, na njiani alisema kwamba yeye Jumatatu hangoji. Akishafika atabaki huko huko.

Daktari Ambokile alisogea karibu na kitanda, akanusa, akarudi nyuma hatua. Akaelezwa. Hakukasirika, alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Kufunga si dhambi, mama. Hata mimi Kwaresma nafunga. Na mboga za majani, matunda, kupunguza mafuta, vyote vinaufaa mwili, wala simzuii mtu. Huenda iko siku wataalamu watatuambia kipo chakula kinachousumbua uvimbe. Ila njaa haina macho ya kuchagua. Haiwezi kuuruka mwili wako ikaupiga uvimbe peke yake. Wewe ndiye uliyekuwa unanyauka. Uvimbe upo, umenenepa, nadhani na wenyewe umelewa."

"Na kizazi?"

"Siahidi tena kama mwanzo. Nitajaribu."

Mama Fredy akatazama dari. Alikuwa ameumbuka, ana njaa, pombe inamtoka kichwani na maumivu yanarudi, yanabisha hodi moja moja. Hofu ilikuwepo bado. Ila ilikuwa imehama, imetoka kwenye kisu.

"Ukiweza, kiache," alisema. "Usipoweza, niache mimi."

Kwanza ilitakiwa damu ya kumwongezea, na hospitali ilitaka ndugu wajitolee. Marko alifika kwa treni ya mizigo, akatoa. Bibi Miriam aliambiwa umri umempita, akanuna. Bwana Optatus naye akajipanga, bila koti, kichwa chini, maana roho yake ilikuwa inamsuta. Muuguzi akamchoma kidole, akatazama, akaita mwenzake aje naye atazame. Kumbe yule bwana alikuwa anaamini kweli. Mwaka mzima alikuwa akiishi kwa zabibu na majani ya papai.

"Baba," alisema muuguzi, "wewe mwenyewe unatakiwa uongezewe. Nenda ukale nyama."

Akapita Restuta, akanyoosha mkono, na kundi la damu likakubali. Akalala pale anaitazama chupa ikijaa, anamwuliza muuguzi kama Mhehe akiingia ndani ya Mgogo hawataanza kupigana upya.

Ndipo yakafuata majuma ya maini. Maini asubuhi, maharage mchana, matembele jioni, vidonge juu yake. Mama Fredy alikula kama mtu aliyelipwa kula. Daktari alipopima akaridhika, wakamwingiza chumba cha upasuaji siku moja asubuhi, upepo wa Dodoma ukipiga madirisha kwa changarawe. Marko akabaki kwenye benchi nje, kofia ya reli mapajani, anaizungusha.

Alipoamka, kinywa kilikuwa kikavu na tumbo limekuwa bapa, zito kwa maumivu mapya, safi, ya aina nyingine. Bibi Miriam alikuwa upande huu, Restuta upande ule. Akawatazama mmoja mmoja, akaogopa kuuliza, akauliza.

"Kipo?"

"Kipo," alisema Bibi Miriam. "Daktari kakiacha. Kasema kama kuna mtoto wa kupata, msingoje sana, na msitegemee sana. Lakini kipo." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na vile vitu katuonyesha kwenye beseni. Vikubwa. Nimechimba viazi maisha yangu yote, sijaona vya namna ile."

Mama Fredy akafumba macho. Machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni, akayaacha.

Halafu Restuta akamwinamia sikioni.

"Sasa sikiliza, nusu Mhehe. Ukianza kumtamani mbwa wa jirani kwa mboga, usishangae. Ni damu yangu hiyo, inadai haki yake."

Kicheko kilimpanda Mama Fredy kutoka kusikojulikana, kikafika kwenye mshono, akalia uwiii, akashika tumbo, akacheka tena, akalia tena. Muuguzi akaja mbio.

"Nani anamchekesha mgonjwa wa upasuaji? Mama, wewe toka. Toka nje kabisa. Mpaka nyuzi zitolewe nisikuone."

Restuta akatolewa. Haikupita muda, kichwa chake kikatokea dirishani, kwa nje, kimefungwa kitambaa, kimejaa vumbi. Akageuka, akatikisa kama mbwa mkia asiokuwa nao.

"Mama, mwambie aondoke," Mama Fredy alimwomba mkwewe, kashika mshono kwa mikono miwili. "Mwambie aondoke. Ila asiende mbali."